Milango ya Pikapu na Mtani Wetu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, someni taratibu, maana sikuandika ili kuwachekesha. Shule niliishia darasa la nne, nikarudishwa nyumbani kulea mdogo wangu, kwa hiyo msinitafutie maneno makubwa. Nataka mjue jinsi milango ya gari la babu yenu ilivyoondoka hapa nyumbani. Wengi wenu mmeambiwa ilioza. Haikuoza.

Gari lenyewe mnalijua, limesimama hapa Mkolani nyuma ya jiko. Ni pikapu ya zamani ya Kifaransa, taa za mviringo, boneti ndefu kama mdomo wa bata, ndivyo babu yenu alivyokuwa akiisema mwenyewe akiwa na furaha. Aliinunua ikiwa tayari imezeeka. Akabebea samaki na barafu kutoka mialoni kwa wavuvi, akabebea saruji, wagonjwa, maharusi, na mara moja ng'ombe aliyekojoa mpaka kwenye viatu vyetu. Barafu ndiyo iliyoimaliza. Maji ya samaki yanapita kila mahali, yanakaa kwenye mikunjo ya bati, na bati linalika kutoka ndani, kwa nje ukiliangalia unaona rangi nzuri tu. Siku moja unaweka kidole na kidole kinapita.

Milango peke yake ilipona, na ilipona kwa kazi. Kila mwaka masika yakiisha, babu yenu alikuwa anafungua ngozi za ndani za milango, anachovya brashi kwenye oili chafu na kupaka ndani kote mpaka kwenye kona. Mikono yake ilikuwa inanuka oili juma zima. Sasa, mlango uliopakwa oili ndani, jua la Mwanza likiupiga, unatoa jasho. Oili inashuka, inatokea kwenye vitundu vya chini, na mtu wa kwanza kushuka garini anaondoka nayo kwenye pindo la gauni. Mtu huyo nilikuwa mimi. Gauni la kanisani, gauni la msiba, kitenge kipya, vyote vilikula oili. Nikimlalamikia ananiambia, "Gauni nitakununulia. Mlango wa gari hili sitaupata." Nikajifunza kushuka nimekunja gauni kwa mkono wa kushoto. Nilishuka hivyo miaka yote.

Alipokufa, gari lilikaa. Kuku wakatagia sakafuni. Watoto wangu, ambao ni baba zenu na mama zenu, wakakaa kikao sebuleni wakasema liuzwe kwa watu wa chuma chakavu. Nikawaacha waseme mpaka wakamaliza. Kisha nikawaambia kwamba mwaka utakapofika wa kuweka msalaba kaburini kwa baba yao, kule kijijini ufukweni, barabara ya Musoma, mimi sipandi basi na siendi kwenye gari la kukodi. Nitakwenda na gari lake. Wachange, litengenezwe.

Kifungua mimba wangu, ambaye ndiye msemaji wa familia, akasema, "Mama, gari limeoza. Kitakachobaki ni injini na usukani."

"Na milango," nikasema. "Badilisheni mnachotaka. Sakafu, madigadi, bodi ya nyuma, hata rangi. Milango ile isiguswe na mtu. Mmenisikia wote?"

Wakasema wamesikia. Hilo ndilo sharti langu, na sikuweka lingine.

Kazi akapewa fundi bodi wa Igogo, mtani wetu. Hapa lazima nieleze, maana ninyi wa siku hizi mnadhani utani ni kutumiana vichekesho kwenye simu. Watu wa kwao na sisi Wasukuma ni watani tangu kwa mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na ukanyamaza. Anaweza kuingia jikoni kwako akaondoka na kuku, na wewe ukienda kwake unaondoka na mbuzi, hakuna wa kwenda polisi. Kwenye msiba mtani ndiye anayewarudishia watu pumzi. Siku tunamzika babu yenu, fundi huyu alivaa kofia ya marehemu, akatembea kwa kuchechemea kama yeye, akakaa nyuma ya usukani wa pikapu na kutangaza kwamba jeneza halitoki mpaka alipwe nauli yote ambayo marehemu alimdhulumu. Nilikuwa sijala siku mbili. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na baada ya kucheka ndipo nikaweza kulia vizuri. Mtu aliyekufanyia hivyo unamwamini. Kwa umri ni mdogo kwangu sana, lakini hajawahi kuniamkia shikamoo hata siku moja, wala mimi sikuitaka. Mtani haamkii, anaanza na tusi.

Nilikuwa nakwenda gereji kwake mwenyewe, natoka sokoni Mkuyuni napitia Igogo. Sikutaka kuletewa habari. Pale uwanjani palikuwa na mizoga ya magari imepandiana, na chini ya banda la mabati pikapu yetu imewekwa juu ya matofali, haina magurudumu, imefunguliwa kama samaki.

Kazi ya kuchagua bati la gari ni ngumu kuliko mnavyodhani, hasa mkiwa na hela ya mchango. Kuna mabati mapya yanayotoka nje. Yaliletwa madigadi mawili hivyo kutoka dukani, yale mabati ya juu ya magurudumu ya mbele, yanang'aa, bado yana karatasi. Fundi akaweka moja mahali pake. Juu lilikaa, chini likaachia nafasi ya kupita panya. Nikalibonyeza kwa dole gumba likaingia ndani likarudi, plokoto, kama kifuniko cha kopo la mafuta.

"Hili ni bati au ni kanga?" nikauliza.

"Ni jipya, bibi kizee. Jipya ndivyo lilivyo. Wewe ndiye mnene."

"Rudisha."

Kuna mabati makuukuu, yanatolewa kwenye gari la aina hiyo hiyo lililokufa. Hayo yanakaa vizuri kwa sababu ni ndugu, lakini nayo yana ugonjwa ule ule. Dalali mmoja alileta digadi la kushoto kutoka Shinyanga, limepigwa rangi nyekundu mpya. Ukiona kitu cha zamani kimepakwa rangi mpya kabla hakijauzwa, uliza kwanza. Fundi alilinyanyua akalielekeza juani, mimi nikaingiza kichwa upande wa chini. Nikaona nyota. Dalali akasema hivyo ni vitundu vidogo, vinazibwa na puti, ule unga wa kukanda wanaojazia mabonde. Nikamwambia na mimi nina gunia lenye vitundu vidogo, anijazie maji. La pili alilolileta baadaye halikuwa na rangi kabisa, lilikuwa na kutu ya juu tu kama ya jembe, ukikwaruza kwa msumari unakuta chuma cheupe. Hilo tulilichukua.

La kulia halikupatikana popote. Fundi akalichonga mwenyewe kwa bati la pipa, akiligonga juu ya gogo lenye shimo, anagonga, analipima kwenye gari, anarudi kugonga. Sakafu akachomelea bati nene jipya, kwa maana sakafu haionekani na mtu, kinachotakiwa ni kubeba. Nikaona akili yake hapo. Pesa ikae panapobeba, uzuri usubiri. Sikumnyima sifa yake, na leo simnyimi. Mikono yake ni mizuri.

Na kila nilipokwenda, ilikuwa milango.

Alikuwa ameing'oa ili achomelee sakafu, imeegemezwa ukutani na gunia limefunikwa juu. Mara ya kwanza aliponiona naiangalia akapiga kelele uwanja mzima usikie: "Mtani, milango hii nimeshaipatia mteja! Naila na ugali!"

Mafundi wakacheka. Nikamjibu, "Kula. Ukipaliwa na kitasa usiniite."

Mara nyingine: "Bibi kizee, nakuambia mapema usije ukasema hukuambiwa. Milango yako naiuza. Mzee mmoja anayekusanya magari ya zamani ameipenda kuliko alivyompenda mke wake."

"Mwambie akuoe na wewe, uende na milango."

"Mwanao yuko hapa, muulize! Si naiuza?"

Mwanangu alikuwa amesimama pale, yule kifungua mimba, anaangalia simu yake. Akasema, "Anaiuza, mama." Akatabasamu. Nikasema wote wawili nitawazika kwenye pipa moja, lile lililobaki baada ya digadi. Watu wakacheka tena. Nikashika njia yangu na ndoo yangu ya nyanya, nimechangamka, moyo mweupe.

Gari likaisha. Likapigwa rangi ya buluu kama ya mwanzo. Lilipoingia uani majirani walitoka wakapiga vigelegele, na mimi nikalizunguka nikalishika. Nikafungua mlango wangu, wa kushoto. Kioo, ambacho zamani ilibidi kukisukuma kwa kiganja ili kipande, kilipanda chenyewe nilipozungusha mkono. Nikashangaa. Mwanangu akasema, "Ameshughulikia kila kitu, mama." Nikamwambia amshukuru mtani.

Tulikwenda kijijini siku ya msalaba, mwanangu anaendesha, mimi pembeni yake, nimevaa gauni jeupe la akina mama wa kanisa. Wengine walifuata na basi dogo. Jua lilikuwa kali, ziwa linamulika upande wa kushoto, na ilipoisha lami tukaingia barabara ya vumbi yenye makorongo. Nilikuwa na furaha iliyochanganyika na uchungu. Nilikuwa naongea na marehemu kimoyomoyo, namwambia unaona, nimekuletea.

Tukafika. Watu wamejaa, wanaimba. Mwanangu akazima gari. Nikakunja gauni kwa mkono wa kushoto kama siku zote, nikashuka, nikatazama pindo.

Jeupe.

Nikasimama. Wifi yangu alikuwa ananijia na mikono wazi, nikamwacha na mikono yake. Nikainama pale mbele ya watu, nikapitisha kidole chini ya mlango kwenye vitundu. Kikatoka na vumbi. Hapakuwa na oili. Safari nzima ya jua vile, na chini ya mlango pakavu kama sahani. Nikatazama vizuri usawa wa kitasa, nikaona rangi imepasuka, ufa mrefu, na ndani ya ufa kitu cha kijivu. Nikaweka ukucha. Kikabanduka kipande cha puti kinene kama ganda la mkate, na chini yake kutu.

"Mlango huu umetoka wapi?" nikamuuliza mwanangu. Alikuwa bado ameshika funguo.

"Mama, watu wanatusubiri. Tutaongea."

"Nimekuuliza mlango."

"Mama, tafadhali, leo ni siku ya baba."

Alipomtaja baba yake hapo, nikajua.

Nikaenda kaburini. Nikaimba na wenzangu, msalaba ukawekwa, mchungaji akaomba, nami nikaitika amina mahali pa amina. Sikumharibia marehemu siku yake. Lakini kile kipande cha puti nilikuwa nimekifumbata mkononi muda wote, na kilikuwa kinanichoma.

Watani nao walikuwa wamefika kama inavyotakiwa, na fundi akiwa mbele yao. Wakati wa chakula alivaa sufuria kichwani na kudai wali wa kabila zima. Nikamwendea pale pale katikati ya watu. Nikamwonyesha kiganja.

"Milango yangu iko wapi?"

Akatua sufuria. Akaniangalia, kisha akawaangalia watu, akapiga kofi. "Jamani, njooni msikie! Huyu bibi si nilimwambia? Nilimwambia mara moja? Nilisema naiuza, nikasema naila na ugali, akaniambia nile! Mashahidi wapo!"

Watu wakaangua kicheko. Walidhani ni utani wa msibani. Na mimi ningesema nini wakaniamini? Nilisema, "Umeniibia," wakacheka zaidi. Nilisema, "Sitanii," wifi yangu akajipiga mapaja kwa kucheka. Mtu anasema kweli tupu mbele ya ukoo mzima na ukoo mzima unamshangilia. Hapo ndipo nilipoona alivyonifanyia. Alichukua kitu chetu cha kuponea, kile alichonipa siku ya mazishi, akakitumia kama gunia la kufunikia milango.

Aliponisogelea alishusha sauti, akawa mtu mwingine. "Mama, ule haukuwa wizi. Muulize mwanao. Mimi ni fundi, naambiwa nafanya."

Nikamkuta mwanangu nyuma ya nyumba, anajifanya anahesabu masufuria.

"Ulijua?"

Akahamisha sufuria moja juu ya jingine.

"Nimekuzaa mimi. Ulijua?"

"Hela iliisha, mama," akasema. "Mchango ulikatika kwenye sakafu. Digadi la Shinyanga, gesi, rangi, vyote vilikuwa bado. Yule mzee mwenye magari ya zamani alipoiona milango akatoa hela nzuri, kwa sababu milango mizima ya gari lile haipo tena. Tukapata milango mikuukuu kwa bei ndogo, na iliyobaki ikamaliza kazi. Bila hivyo gari lisingefika hapa leo. Ulitaka gari lifike."

"Nilitaka milango."

"Mama, ni bati."

"Kama ni bati, kwa nini hukuniambia?"

Akanyanyua uso, na alichonijibu sijakisahau. "Tulikuambia. Tulikuambia mbele ya watu zaidi ya mara moja. Wewe ndiye uliyecheka."

Fikirini ninyi mnaosoma. Hao wawili walikaa, wakajua kwamba wakiniambia kwa maneno ya kawaida nitakataa. Wakajua pia kwamba nikidanganywa kabisa, siku moja nitasema nilidanganywa. Wakatafuta njia ya katikati. Wakaniambia kweli kwa mdomo wa mtani, kwa sababu walijua tabia yangu, walijua mimi ni mtu wa kujibu, siachi tusi likapita. Wakanifanya niidhinishe mwenyewe nikiwa nacheka na ndoo yangu ya nyanya. Mwizi wa kawaida angekuja gizani, na asubuhi ningelia na majirani wangenipa pole. Hawa hawakuniachia hata hiyo pole.

Angeniambia, "Mama, hela imekwisha, chagua, rangi au milango," ningechagua mbele yake bila kufikiri. Gari lingekwenda kijijini bila rangi, lina kutu nyekundu na madoa ya kuchomelea, hata bila digadi moja. Ningeshuka mbele ya ukoo na pindo langu chafu. Hilo ndilo nililokuwa naliendea kule.

Mwanangu aliomba msamaha baadaye, akiwa na mchungaji. Nikamwambia mchungaji nimesikia. Milango ilikwenda Dar es Salaam kwa yule mzee wa magari ya zamani, na mwanangu akaahidi kuitafuta ainunue. Nikamkataza. Ingerudi na nini? Oili ile ya mwisho aliipaka mtu aliyekwisha kufa, na mtu mwingine ameshaifuta kwa petroli ili apige rangi ya maonyesho. Pikapu naitumia. Inabeba maji na mkaa, sakafu yake ni imara na digadi la pipa halijatikisika. Milango inabanduka vipande vipande na kuku wanadonoa puti wakidhani ni pumba.

Fundi alipotea kidogo, kisha siku moja akaja. Alikuja na kelele zake toka getini, "Bibi kizee bado hujafa? Nimeleta vipimo vya jeneza!" Wajukuu wakaanza kucheka, mmoja akamjibu kwa tusi zuri, kama nilivyowafundisha mwenyewe. Nikatoka jikoni. Nikamwangalia, nikasubiri kelele ziishe.

Nikamwambia, "Karibu, baba. Habari za huko?"

Akacheka peke yake. Akasema, "Mtani, vipi tena, umeokoka?" Nikarudia, "Habari za huko, baba. Karibu kiti." Nilimwona anavyotafuta mahali pa kuweka mikono. Alikaa, akanywa chai iliyotiwa sukari sawasawa, hakuna aliyemtia chumvi ndani ya kikombe, hakuna aliyemficha viatu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina kinyongo. Nikamwambia asante kwa kututembelea. Aliondoka kabla kikombe hakijaisha.

Alipovuka geti niliwaita wote waliokuwa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na mwanangu nikamsimamisha mbele. Nikasema: kuanzia leo mtu yule akija hapa hakuna wa kumtania. Asitukanwe, asichekwe, asiibiwe hata kiberiti. Wadogo mwamkieni shikamoo, mpeni kiti cha wageni, mpeni maji ya kunawa, mwiteni mzee. Na siku mtakayonizika mimi, asivae nguo yangu yoyote. Mkalisheni kwenye viti vya mbele, pamoja na wageni waalikwa. Na chai yake, kila atakapokuja, utampelekea wewe mwanangu, kwa mikono miwili, bila kusema neno.